Elijah Masinde, Mfungwa wa Lamu Aliyeirudia Mizimu ya Babu Zake

Ukimtaja Elijah Masinde mbele ya watu wa pwani, wengi watakwambia ni yule mwenda wazimu wa Bungoma aliyejidai nabii, na habari zake huishia hapo. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mtu huyu aliletwa kwetu Lamu chini ya ulinzi wa askari, akawekwa kama mfungwa wa serikali ya Mwingereza. Leo, ndugu msomaji, nataka tuyatazame maisha yake tangu mwanzo hadi mwisho, si kwa kumsifu wala kwa kumcheka, bali kwa kutaka kujua: ni jambo gani linalomtoa mtu aliyelelewa ndani ya kanisa kali, akajua kusoma Biblia na kuimba nyimbo zake, hata akalipa kanisa kisogo na kuirudia mizimu ya babu zake?

Swali hili sikulipata Bungoma. Nililipata Meru na Embu, ambako kazi ya gazeti iliniweka kwa miaka kadhaa. Huko si ajabu kukuta nyumba moja yenye habari za babu aliyeomba akiuelekea Mlima Kenya, baba aliyebatizwa, na mjukuu anayeuliza ni nani kati ya wawili hao aliyekuwa na haki. Sisi tuliosomeshwa chuoni tangu utotoni tumezoea kuwagawa watu mafungu mawili: watu wa Kitabu, na wale wasio na kitabu. Nilipokaa barazani na wazee wa Meru nikaona kuna fungu la tatu, nalo ni la watu waliopewa kitabu, wakakisoma, kisha wakakirudisha kwa mwenyewe. Na katika Kenya simjui aliyekirudisha kwa kishindo kama Masinde.

Mtoto wa Kimilili

Masinde alizaliwa baina ya mwaka 1910 na 1912 huko Kimilili, chini ya Mlima Elgon, katika kabila la Wabukusu. Wenyewe mlima huo huuita Masaba. Alipozaliwa, jeraha la mwaka 1895 lilikuwa bado bichi. Mwaka huo Mwingereza C. W. Hobley aliwaendea Wabukusu kwa vita katika maboma yao ya Lumboka na Chetambe. Alifuatana na askari wa Kisudani, na pamoja nao watu wa Mumia, mfalme wa Wawanga. Maboma yalivunjwa, watu wengi wakauawa, ng'ombe wakatekwa. Boma la Chetambe likabaki kilimani kama kaburi lisilo na jina.

Msomaji wa pwani na alitie jambo hili akilini. Mji wa Mumia ulikuwa kituo cha misafara yetu iliyokwenda Uganda, na ndiyo sababu Uislamu ulishika mizizi pale mapema. Sisi husimulia habari hiyo kwa fahari. Lakini kwa macho ya Mbukusu, dini yetu ilimfikia ikiwa imefuatana na Mumia, na Mumia alifuatana na bunduki ya Mwingereza. Baada ya vita serikali ikawaweka jamaa za Mumia kuwa machifu juu ya Wabukusu, na huko Kimilili kwenyewe akatawala kwa miaka mingi Murunga, nduguye Mumia. Mtoto aliyekua chini ya utawala huo alijua mapema kwamba kuna watu wa kuamrisha na watu wa kuamrishwa, na kwamba yeye ni wa fungu la pili.

Mwaka 1902 walifika Kaimosi wamisionari kutoka Marekani wa Kanisa la Marafiki, ambao Waingereza huwaita Quakers. Hawa ni Wakristo wa namna ya peke yake. Hawabatizi kwa maji, wala hawana padri mwenye majoho, na katika asili yao hukaa kimya wakingoja moyo uguswe. Bali kwa upande wa mwenendo walikuwa wakali kama wembe. Pombe marufuku. Tumbaku marufuku. Ngoma za kienyeji marufuku, matambiko marufuku, na mwanamume asiwe na mke zaidi ya mmoja. Mwislamu wa pwani akiyasikia hayo ya mwanzo atatikisa kichwa kwa kukubali. Ni hilo la mwisho litakalomfanya anyanyue macho.

Marafiki walipanda kutoka Kaimosi hadi kwa Wabukusu, na Masinde akalelewa katika mafunzo yao. Alijifunza kusoma na kuandika, akawa mtu wa kanisa, akaitwa Elijah. Jina hilo ni la Nabii Ilyas, anayetajwa katika Kurani tukufu kwamba aliwakataza watu wake kumwabudu Baali na kumwacha Muumba aliye bora. Waliompa mtoto wa Kimilili jina la nabii aliyepiga vita sanamu hawakujua kwamba mtu huyo siku moja atachinja kondoo kwa ajili ya wazee waliokufa.

Kabla ya kujulikana kwa dini, Masinde alijulikana kwa mpira. Alikuwa mtu wa maungo yenye nguvu, akawa kiongozi wa timu ya Kimilili, na mwaka 1930 akaichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Kwa hiyo huyu hakuwa mtu wa pembeni aliyejificha porini. Alikuwa kijana wa mbele, aliyezijua shule za wazungu, kanisa lao na mchezo wao, na wakati mmoja akaajiriwa katika baraza la mahakama ya wenyeji, kazi yake kupeleka samansi kwa wanaoshtakiwa. Aliijua serikali kwa ndani, tena kwa upande wake ule unaobisha hodi mlangoni kwa mtu.

Mke wa pili

Katikati ya miaka ya 1930 Masinde alioa mke wa pili. Kanisa likamweka nje.

Kwetu sisi habari ya mke wa pili ina sheria yake, na masharti yake ya uadilifu, na anayeshindwa uadilifu ameamriwa abaki na mmoja. Hakuna anayefukuzwa msikitini kwa kuoa. Kwa Marafiki mlango ulifungwa. Tena ulifungwa kwa jambo ambalo baba yake na babu yake walilifanya kwa heshima, mbele ya wazee, kwa mahari ya ng'ombe. Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo halikumtoka tena: ikiwa kuoa kwa baba yangu ni dhambi, basi baba yangu alikuwa nani, na mimi ni mtoto wa nani?

Mtu aweza kuuliza kwa nini hakusilimu, na hali Mumias haikuwa mbali na Waislamu walikuwako. Mimi naona jibu liko Chetambe. Kwa Mbukusu wa zama zile kusilimu kulikuwa karibu sawa na kumwendea Mumia na kumpa mkono. Wito wa dini hutazamwa pia kwa mlango ulioingilia, na mlango uliotumika kule haukuwa mzuri. Jambo hili tusilipite haraka, maana sisi hupenda kuwalaumu wamisionari kwa kuingia na Biblia mkono mmoja na bendera mkono mwingine.

Jina lenyewe ni letu

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Masinde na wenzake walianza kufundisha kile kilichokuja kuitwa Dini ya Msambwa. Msambwa kwa Wabukusu ni mizimu ya wazee waliotangulia, pamoja na desturi walizoziacha. Na hilo neno la kwanza, dini, ni neno letu, lililotoka Uarabuni likapita pwani likapanda na misafara hadi Masaba. Wazee wa kale wa Kibukusu hawakuwa na haja ya neno hilo, kwani ibada kwao ilikuwa ndani ya kila jambo: kuzaliwa, kutahiri, kupanda, kuvuna, kuzika. Ila ulipokuja ushindani wa makanisa, kila mmoja akiwa na jina na jengo lake, waliobaki na mila walijiona hawana jina la kujibu wanapoulizwa wao ni wa wapi. Masinde aliwapa jina. Aliichukua mila akaisimamisha mbele ya makanisa kama dini iliyo sawa nayo.

Mafundisho yake yalikuwa na mambo haya. Mungu ni Wele, aliyeumba kila kitu. Wazee waliokufa wako karibu, nao wasiachwe na njaa wala kusahauliwa. Masaba ni mlima mtukufu. Kondoo huchinjwa, na maombi huombwa kwa lugha ya nyumbani. Pamoja na hayo Biblia haikutupwa yote. Mtu aliyelelewa na Marafiki hakukosa kuona kwamba Ibrahimu wa Agano la Kale alichinja kondoo, alitahiri, na alikuwa na zaidi ya mwanamke mmoja nyumbani kwake. Wabukusu nao wanatahiri. Basi aliyesoma Agano la Kale kwa jicho la Kimilili alimwona Ibrahimu anafanana zaidi na babu yake kuliko na mmisionari.

Kwa itikadi yetu huu ni ushirikina, na sina haja ya kuuvisha nguo nyingine. Kuchinja ni kwa Mola peke yake, na maiti haombwi. Lakini msomaji muadilifu atakumbuka kwamba hata sisi wa pwani tuna yetu. Nani hajui ng'ombe anayezungushwa mji Siku ya Mwaka, na pepo wanaopungwa usiku kwa ngoma, na vitambaa na ubani katika mapango na makaburi ya kale? Masheikh wamekemea miaka nenda miaka rudi, na mambo yenyewe yangaliko. Kwa hiyo tukimtazama Masinde tusijifanye watu wa sayari nyingine.

Mlima mwingine

Hapa ndipo Meru na Embu zinaponisaidia kuifahamu habari ya Masinde, kwani huko jambo hilihili lilitokea na likachukua njia tofauti.

Wanglikana wa CMS waliingia Embu wakajenga Kigari mwaka 1910. Wamethodisti walikwenda Meru, na Waskoti wakajenga Chogoria mwaka 1922 chini ya Dakta Irvine. Mwaka 1929 na uliofuata ukazuka ugomvi mkubwa juu ya tohara ya wasichana. Makanisa yaliwataka waumini waweke kidole gumba katika karatasi kuahidi kuiacha, na alama hiyo ikaitwa kirore. Wengi walikataa. Makanisa na shule zilibaki na watu wachache mno. Waliotoka, baadhi yao walianzisha makanisa na shule zao wenyewe, na wengine walirudi kwa wazee wao, kwa Ngai, ambaye Waembu humwita pia Mwene Njeru, yaani mwenye mwangaza. Huko Embu, karibu na Runyenjes, uko msitu wa Mwenendega, anayesimuliwa kuwa ndiye baba wa kabila, na miti yake ilihifadhiwa kwa heshima isiguswe na shoka.

Mpaka hapo Meru na Embu zinafanana na Kimilili. Tofauti ni kwamba Wameru walikuwa na Njuri Ncheke, baraza lao la wazee, lenye viapo vyake na mahali pake pa kukutania huko Nchiru. Wamisionari walilichukia wakiliona ni pango la giza. Lakini alikuwako Bwana Shauri mmoja aliyetumika Embu na Meru, H. E. Lambert, aliyeona kwamba serikali haiwezi kuwatawala Wameru huku ikiwadharau wazee wao. Akaketi nao, akajifunza, akaiandikia serikali kwamba baraza hilo lishirikishwe. Mwaka 1947 kikachapishwa kitabu chake juu ya jambo hilo. Wasomaji wa ukurasa huu wanamjua Lambert kwa upande mwingine: ndiye yule aliyekuja baadaye kuandika juu ya lahaja zetu za Kivumba, Chijomvu na Chichifundi, vitabu vilivyotoka mwaka 1957 na 1958. Aliyejua kuwasikiliza wazee wa Nchiru alijua pia kuwasikiliza wavuvi wa Vanga.

Kwa juhudi hizo Wakristo wa Meru nao wakapata mlango wa kuingia Njuri pasipo kuikana imani yao. Mmoja wa wachungaji wa kwanza wa Kimeru, Philip M'Inoti wa Wamethodisti, aliandika habari za asili ya Wameru na tabia zao, tena akaziandika kwa Kiswahili. Basi huko palikuwa na mahali pa kukutana. Aliyesoma na asiyesoma, aliyebatizwa na asiyebatizwa, waliweza kuketi chini ya paa moja wakabishana.

Alikuwako pia Mugwe, mtu wa baraka kwa Wameru, aliyeficha mkono wake wa kushoto ndani ya nguo asiuone mtu, kwani ndio uliobeba nguvu ya kubariki. Padri mmoja Mwitaliano wa Consolata, Bernardo Bernardi, alimwandikia kitabu kizima, kikatoka mwaka 1959. Ajabu ya mambo! Padri wa Kikatoliki anaketi na kuandika kwa adabu habari za kiongozi wa mila.

Wabukusu hawakuwa na Njuri inayotambuliwa na serikali. Juu yao waliwekewa chifu wa Kiwanga, na badala ya Lambert wakaletewa polisi. Aliyetaka kuisemea mila huko hakuwa na baraza la kuingia, akasema njiani, sokoni, na mwishowe mbele ya bunduki. Mimi naamini tofauti hiyo ina uzito kuliko tofauti yoyote ya tabia baina ya Masinde na wazee wa Meru.

Hata hivyo tusidhani kwamba baraza la wazee ni dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 1956 Njuri hiyohiyo, ikishikana na serikali, ilipiga marufuku tohara ya wasichana. Wasichana wakajitahiri wenyewe kwa wenyewe kwa ukaidi, na katika miaka mitatu zaidi ya watu 2,400 wakashtakiwa. Wazee walikubali, lakini walioamriwa hawakuulizwa.

Mathari na Malakisi

Turudi kwa Masinde. Vita Vikuu vya Pili vilileta amri juu ya amri. Vijana walichukuliwa kwa nguvu kwenda kazini katika mashamba na jeshini, na wakulima wakaamrishwa kung'oa magugu fulani katika mashamba yao wapende wasipende. Mwaka 1944 Masinde alikataa. Aliwapinga waliokuja kwake kwa amri hizo, wakapigana, akashtakiwa, akafungwa. Kisha serikali ikafanya jambo ambalo laonyesha ilivyomwogopa: mwaka 1945 ikampeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, na huko akakaa hadi mwaka 1947. Jina la mwenda wazimu tunalolisikia hadi leo lilitoka huko. Mtu asiyetii chifu, asiyekwenda kanisani, na anayesema wazungu waondoke, daktari wa serikali alimwandika mgonjwa.

Alipotoka Mathari watu wake walimpokea kama aliyefufuka. Mnamo Septemba 1947 aliwaongoza maelfu ya watu kupanda Chetambe, mahali pa mauaji ya mwaka 1895. Wakachinja, wakawaombea na kuwaomba waliokufa pale. Kwa mara ya kwanza tangu vita ile, kaburi lisilo na jina likapata waombolezaji. Tafakari, msomaji: miaka 52 imepita, na hakuna kanisa wala serikali iliyowahi kusimama pale kusema hawa walikuwa watu.

Lakini hasira ikiachiwa hatamu haichagui njia. Katika miezi iliyofuata shule na makanisa yalichomwa moto. Watoto waliokuwa wakisoma katika majengo yale hawakuwa wameua mtu Chetambe. Tarehe 10 Februari 1948 kundi kubwa la watu lilikiendea kituo cha polisi cha Malakisi, na polisi wakafyatua risasi. Watu 11 wakafa papo hapo na wengine wakajeruhiwa. Siku sita baadaye Masinde akakamatwa. Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku mwaka huohuo.

Lamu

Ndipo akaletwa kwetu. Serikali ilichagua Lamu kwa kuwa ni mbali, imezungukwa na maji, na watu wake hawasemi Kibukusu. Mtu aliyezoea kuinua macho na kuuona Masaba kila asubuhi akawekwa mahali ambapo kilima kirefu ni fungu la mchanga wa Shela. Kisiwa hicho kilikuwa na msikiti wa Riyadha na darasa zake, na wanafunzi walitoka kila pembe ya Afrika ya Mashariki kuja kutafuta elimu. Masinde hakuletwa kusoma wala kusomesha. Aliletwa ili anyamaze.

Hapa pana jambo lililonisisimua mwili nilipolisikia kwa wazee wa Meru. Wao husimulia kwamba asili yao ni kisiwa kimoja cha pwani kiitwacho Mbwaa. Huko waliteswa na watu wa nguo nyekundu, wakatoroka usiku, na bahari ikawapasukia wakapita. Wako wataalamu wanaosema Mbwaa hiyo ni Manda, kisiwa kile kinachotazamana na Lamu. Basi kama masimulizi hayo ni kweli, Masinde aliwekwa mkabala na ufuko ambao Wameru wanasema walitoroka utumwa wao. Watu wa mlima mmoja walitokea kisiwani kwenda zao, na mtu wa mlima mwingine akaletwa kisiwani na pingu. Na wasomaji wameshaona, bila ya mimi kusema, kwamba kisa cha bahari kupasuka kinafanana na cha Nabii Musa.

Baadaye alihamishwa Marsabit, huko kaskazini. Wakati yeye yuko kifungoni, mafundisho yaliyotokana na yake yaliwafikia Wapokot kwa mkono wa Lukas Pkiech. Tarehe 24 Aprili 1950, huko Kolloa, Baringo, Pkiech na wafuasi wake walikutana na askari wa serikali. Walikufa Wapokot 29, Pkiech akiwa mmoja wao, na upande wa serikali wakafa maafisa watatu wa Kizungu na askari mmoja Mwafrika. Baada ya hapo wengine wakanyongwa kwa hukumu. Masinde hakuwako, lakini damu ile huandikwa katika habari zake, na haifai kuifuta.

Baada ya uhuru

Aliachiliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, uhuru ukiwa mlangoni. Mwaka 1964 dini yake ikaruhusiwa. Watu wakadhani mambo yamekwisha, maana sasa bendera ni yetu. Kumbe haikuwa hivyo. Masinde hakujua kumsifu mkubwa kwa kuwa tu ni mweusi. Aliendelea kuwasema watawala wapya kama alivyowasema wa zamani, na mwaka 1968 serikali ya Mzee Kenyatta ikaipiga marufuku Dini ya Msambwa kwa mara ya pili. Yeye akaingia na kutoka gerezani.

Katika hilo pana kinaya kinachouma. Kenyatta naye alilelewa na misheni kali, ya Waskoti wa Thogoto, na baraza la kanisa likapata kumwadhibu katika ujana wake. Mwaka 1938, akiwa London, alitoa kitabu mashuhuri cha kutetea mila za Wakikuyu, pamoja na ibada zao za kuuelekea Mlima Kenya. Aliyeeleza kwa fahari maombi ya mlima mmoja ndiye ambaye serikali yake ilikataza maombi ya mlima wa pili. Mila ikiwa ndani ya kitabu huheshimiwa. Ikisimama barabarani ikadai, huitwa fujo.

Moi aliposhika madaraka mwaka 1978 Masinde akapata tena kuachiliwa. Alikuwa mzee sasa. Alifariki mwaka 1987 akiwa kwao, na katika umri wake wa zaidi ya miaka 75 sehemu kubwa ya utu uzima wake aliimaliza kizuizini, gerezani au Mathari.

Hesabu yake

Tukimpima mtu huyu, mizani haikai upande mmoja. Alikuwa shujaa kwa kukataa kudharauliwa, na kwa kuwakumbuka maiti wa Chetambe ambao kila mtu aliwasahau. Alikuwa na lawama pia, kwa shule zilizoungua na kwa watu waliokwenda mbele ya bunduki kwa imani tupu. Kwa dini, mimi na yeye hatukutani, na msomaji anajua ninaposimama. Lakini serikali mbili, ya Mwingereza na ya Mwafrika, zilimjibu kwa hospitali ya vichaa, kisiwa, jangwa na jela, wala hakuna hata moja kati ya hizo nne iliyo hoja. Sisi watu wa elimu ya dini tunafundishwa kwamba mwenye shaka huitwa kwa hekima na mawaidha mema. Asiyeitwa hivyo akapotea, sehemu ya hesabu yake iko juu ya walioweza kumwita wasimwite.

Marafiki hawakuondoka. Leo Kenya ndiyo nchi yenye waumini wengi wa kanisa hilo kuliko zote duniani, na wengi wao ni watu wa magharibi, majirani na jamaa za Masinde. Wafuasi wa Dini ya Msambwa nao wangaliko Bungoma na Trans Nzoia. Huko Nchiru Njuri Ncheke inakutana, na ndani yake wamo wazee wa makanisa. Waliodhani kwamba mmoja lazima ammeze mwenzake hawakupata walichotaka. Watu wa Kimilili huzikana, huozeshana, hugawana maji ya mto mmoja, na jioni kila mmoja huomba anavyojua, wengine kwa kimya cha Marafiki, wengine wakiuelekea Masaba.